Mtoto Mmoja, Maradhi Mawili: Kutambua Hatari kwa Watoto Wadogo wa Barumbu na Mkoa wa Tshopo

Katika Barumbu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mto na msitu wa mkoa wa Tshopo, ugonjwa wa mtoto mdogo huanza kwa homa, na homa hupewa jina la malaria kabla mtoto hajavuliwa nguo akaangaliwa kifua, viganja na ngozi. Jina hilo mara nyingi huwa la kweli, na hapo ndipo tatizo linapojificha, kwa sababu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hubeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wagonjwa wote wa malaria duniani, ikitanguliwa na Nigeria peke yake, hata mzazi anayekisia malaria kila mara hupatia kiasi cha kutosha kuuamini ukisiaji wake. Asichokiona ni kwamba mtoto mwenye vimelea vya malaria damuni anaweza siku hiyohiyo kuwa na nimonia, au kuwa amepungukiwa damu kiasi cha kuhitaji kuongezewa, au kuwa amezaliwa na ugonjwa wa damu ambao haujawahi kupimwa. Watoto wengi wanaofia njiani kuelekea hospitali hawafi kwa ugonjwa wa ajabu usiojulikana, bali kwa ugonjwa wa pili, ambao ulifunikwa na wa kwanza.

Umbali huzidisha uzito wa jambo hili. Huduma za afya nchini Kongo zimepangwa kwa zone za afya, kila moja ikiwa na vituo vya afya vinavyoongozwa na mwuguzi mkuu na juu yake hospitali kuu ya rufaa, ambako ndiko kwenye damu, oksijeni na daktari. Lakini kutoka kijiji cha pembezoni hadi hospitali hiyo huenda pakahitajika mtumbwi, kisha pikipiki, na kwa wanaofika Kisangani mwendo wa mwisho juu ya baiskeli ya toleka. Safari ya namna hiyo haiwezi kungoja mpaka ugonjwa upate jina. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibuni katika miaka ya 1990 mwongozo unaofahamika katika vituo vya Kongo kwa herufi za Kifaransa PCIME, ambao humfundisha mhudumu asiye na maabara kuanza na dalili za hatari, kuamua kama mtoto atibiwe nyumbani, kituoni au apewe rufaa, na baada ya hapo tu kutafuta chanzo. Mpangilio huo unafaa hata kwa mama asiyejua kusoma, maana dalili zenyewe huonekana kwa macho.

Dalili za hatari za jumla kwa mtoto wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 5 ni nne: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu anachopewa, kupata degedege, na kulegea mno au kupoteza fahamu. Kila moja ina namna yake ya kuhakikishwa, na kuulizia tu hakutoshi. Mtoto ambaye mama anasema hanywi hupewa titi au kijiko cha maji palepale mbele ya mwuguzi, kwa kuwa mwenye pua iliyoziba hunyonya kidogo akaacha ili apumue, akarudia, ilhali mgonjwa mahututi hana hata nguvu ya kufumba midomo juu ya chuchu. Aliyelegea hatofautiani sana na aliyelala, ila aliyelala hushtuka anapopigiwa makofi au kutikiswa mguu na kumfuata mama kwa macho, hali aliyelegea hutazama bila kuona. Mtoto mwenye moja tu ya dalili hizi ni wa rufaa, na hilo halibadiliki hata kama kipimo cha malaria kimetoka na jibu lolote lile.

Degedege linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linalozua hofu kubwa na makosa makubwa. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 homa ya ghafla yenyewe inaweza kuleta mtukutiko wa mwili mzima usiozidi dakika 15, na mtoto akazinduka salama. Lakini mahali penye malaria nyingi hakuna mzazi wala mwuguzi anayeweza kutambua kwa macho kama huo ni mtukutiko wa homa tu, au ni malaria iliyofika ubongoni, au ni homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Mtoto hulazwa ubavu ili matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni, kinywani hakiingizwi kijiko wala kidole wala dawa ya majani, na akituama hupelekwa kituoni. Sukari ya damu hushuka haraka kwa mtoto mgonjwa asiyekula, na kushuka huko peke yake kunaweza kumtia degedege na hata kumwua. Asiyeweza kumeza, na ambaye hakuna wa kumwekea sukari kwa njia ya mshipa, huwekewa chini ya ulimi kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, na kitendo hicho hurudiwa kila baada ya dakika 10 hadi 20 akiwa njiani. Ni msaada wa bei ya chini kuliko yote yatakayotajwa katika makala haya, na ni wachache wanaoujua.

Malaria yenyewe husababishwa katika eneo hili hasa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaliana humo na kuzipasua. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu juu ya kibao kidogo cha plastiki, hutafuta protini ya kimelea hicho, na protini hiyo hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa. Ndiyo maana mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mstari wa malaria hali homa ya leo inatoka mapafuni. Jibu la kipimo ni sehemu ya ushahidi, na mwuguzi anayeacha kumchunguza mtoto kwa sababu mstari umeonekana amefanya nusu ya kazi. Kwa malaria isiyo kali dawa ni mseto wenye artemisinini, iwe artemeta na lumefantrini au artesuneti na amodiakwini, unaomezwa kwa siku 3 kamili hata homa ikishuka siku ya pili. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, hupewa kipimo kingine.

Malaria kali ni ile inayoambatana na dalili za hatari, au upungufu mkubwa wa damu, au kuhema kwa shida, au macho kuwa ya njano na mkojo kuwa wa rangi ya kahawa nyeusi. Kwa miaka mingi ilitibiwa kwa kwinini, na bado wapo wanaoisifu, lakini jambo hilo liliamuliwa mwaka 2010, pale utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, ukiwa na watoto zaidi ya 5,000, ulipothibitisha kwamba artesuneti ya sindano ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Sindano za kwinini za takoni zina madhara mengine ambayo kila mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameyaona, nayo ni mguu kupooza baada ya sindano kugusa mshipa mkubwa wa fahamu. Mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali huweza kuwekewa artesuneti ya kupitia njia ya haja kubwa kabla ya kuondoka, na dawa hiyo imepata sifa kubwa. Hata hivyo uchunguzi uliofanyika kati ya 2018 na 2020 katika Kongo, Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba kuigawa vijijini bila kuimarisha rufaa na tiba ya hospitali hakukuleta upungufu wa vifo uliotarajiwa. Familia ilimwona mtoto amepata nafuu, ikaahirisha safari, na vimelea vilivyobaki vikaendelea. Nafuu ya saa 12 za kwanza si kupona, na mwuguzi anayempa mtoto dawa hiyo bila kusisitiza safari amemdhuru kwa nia njema.

Kila mara chembe nyekundu zinapopasuka, mtoto hupungukiwa himoglobini, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi viungoni. Kipimo cha nyumbani ni kiganja: mkono wa mtoto hufunguliwa taratibu bila kuvivuta vidole nyuma, kwa kuwa kuvivuta hufukuza damu na kumdanganya mtazamaji, kisha kiganja huwekwa kando ya kiganja cha mama au cha mtoto mwingine mwenye afya, mchana na penye mwanga. Kikiwa cheupe kidogo, mtoto ana upungufu wa wastani, na kituo kitampa madini ya chuma na dawa ya minyoo akiwa ametimiza mwaka 1. Kikiwa cheupe kama karatasi, hata mistari yake haina wekundu, huo ni upungufu mkali unaompeleka hospitali siku hiyo. Uamuzi wa kuongezewa damu hutolewa kwa kuangalia kiwango cha himoglobini pamoja na hali ya mtoto: iliyo chini ya gramu 4 kwa desilita huhitaji damu hata kama mtoto anaonekana mtulivu, na iliyo kati ya 4 na 6 huhitaji damu haraka ikiwa anahema kwa shida au amepoteza fahamu. Kwa kuwa hospitali nyingi za mkoa hutegemea ndugu watoe damu, mgonjwa anayesindikizwa na watu wazima wawili wenye afya ana nafasi kubwa zaidi kuliko anayefika na mama peke yake. Damu hiyo lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B na C, na kaswende, na familia ina haki ya kuuliza kama imepimwa.

Mtoto anayeongezewa damu mara ya pili au ya tatu kabla ya kutimiza miaka 3 hapaswi kuandikiwa tena malaria na kurudishwa nyumbani, bali apimwe selimundu, ugonjwa ambao watu wa Kisangani huuita kwa kifupi SS. Hapa mkoa wa Tshopo una sababu ya pekee ya kuwa macho. Uchunguzi wa watoto waliozaliwa Kisangani, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na zaidi ya 1 kati ya 5 ni mbebaji asiyeumwa. Kinshasa, ambako walipimwa watoto zaidi ya 31,000, wenye ugonjwa walikuwa asilimia 1.4. Wingi huo una maelezo yake: mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mbebaji wa nusu ya urithi huu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, hivyo katika nchi za malaria wabebaji walisalimika kwa vizazi vingi wakaoana wao kwa wao. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa 1 kati ya 4, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Urithi hutoka pande zote mbili, na ile desturi ya kumlaumu mama au ukoo wake, au baya zaidi kumwita mtoto mchawi kwa sababu anaumwa kila mwezi na macho yake ni ya njano, haina msingi wowote katika elimu ya damu.

Dalili za selimundu hazionekani katika miezi ya kwanza, kwa kuwa mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni ambayo haina kasoro. Kuanzia kama miezi 6 himoglobini hiyo inapopungua, chembe nyekundu huanza kupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kupasuka mapema. Mara nyingi dalili ya kwanza ni migongo ya mikono na ya miguu kuvimba na kuuma, mtoto akalia kila anaposhikwa, na watu wakadhani ameanguka au ameteguka kiungo, akapelekwa kwa mkandaji, ambaye mikono yake huzidisha maumivu. Baadaye huja njano ya macho, bandama kuvimba ghafla upande wa kushoto wa tumbo, na maambukizi ya mapafu na ya damu ambayo huua haraka kuliko maumivu yenyewe. Mtoto aliyetambuliwa mapema hupewa penisilini kila siku hadi miaka 5, foliki asidi, chanjo zote, chandarua chenye dawa na maji mengi ya kunywa, na kila homa yake huhesabiwa kuwa ya hatari. Dawa iitwayo hidroksiurea, ambayo huirudisha kwa sehemu ile himoglobini ya utotoni, ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kupungua kwa maumivu, kwa uongezaji damu, kwa vifo, na hata kwa malaria yenyewe kwa karibu nusu. Si dawa ya majaribio tena. Kinachokosekana mkoani ni upatikanaji wake wa kudumu na kipimo cha watoto wanaozaliwa, kasoro ambayo ni ya kisera kuliko ya kitabibu.

Ugonjwa wa pili unaofichwa na malaria ni nimonia, yaani maambukizi ya vifuko vidogo vya hewa vya mapafu ambavyo hujaa usaha na majimaji. Mkono uliowekwa kwenye paji la uso au kifuani hautaugundua, saa itaugundua. Mtoto aliyetulia, asiyelia wala kunyonya wakati huo, hufunuliwa tumbo na kifua, na pumzi zake huhesabiwa dakika 1 nzima kwa saa ya mkononi au ya simu, maana watoto wadogo hupumua kwa kasi kisha wakapunguza, na anayehesabu robo dakika akazidisha mara nne atapata jawabu la uongo. Pumzi huwa za kasi zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mwenye kikohozi na pumzi za kasi hutibiwa kwa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka, mara mbili kwa siku, kwa siku ambazo kituo kitaagiza. Mwenye kikohozi bila pumzi za kasi hahitaji kiuavijasumu, na wazazi wanaonunua nusu ya dozi sokoni kwa kila mafua huwafundisha vijidudu namna ya kuizoea dawa. Sehemu ya chini ya kifua, chini ya mbavu, ikiingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi badala ya kutoka nje, mapafu yamekuwa magumu na mwuguzi ndiye aamue haraka. Akiwa pia na mkoromo anapovuta hewa hali ametulia, au midomo yake ikigeuka buluu, anahitaji oksijeni. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani zinahitaji umeme, na ule wa maporomoko ya mto Tshopo ni wa jijini Kisangani, kwa hiyo vituo vya mbali hutegemea mitambo ya jua au hukosa kabisa.

Familia nyingi huamini kwamba mtoto hajatibiwa mpaka awekewe serumu, ile chupa ya maji inayotundikwa na kupitishwa mshipani, na wauguzi wengine huitundika ili kuwaridhisha. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Tanzania na Uganda, ambamo watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, lakini wasioharisha, waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa kwa asilimia 7.3. Madaktari wa nchi tajiri walishangaa, kwa kuwa kumimina maji ndivyo walivyofundishwa. Somo lake kwa Tshopo ni kwamba serumu ni dawa yenye masharti, na mtoto mwenye malaria kali na damu pungufu anaweza kuzamishwa nayo.

Anayeharisha ndiye anayehitaji maji, na wengi hupona kwa kuyanywa. Pakiti moja ya SRO, yaani mchanganyiko wa glukosi na chumvi uliopimwa kiwandani, huyeyushwa katika lita 1 kamili ya maji safi. Chupa kubwa ya bia inayotumika majumbani kama kipimo haifiki lita, na anayeijaza mara moja humpa mtoto maji makali yenye chumvi nyingi, wakati chupa ya maji ya lita moja na nusu huyafanya hafifu. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji, kwa kijiko au kikombe na si kwa chupa ya chuchu, na akitapika husubiriwa dakika 10 kisha huanzishwa tena polepole. Yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Penye upungufu wa pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, katika lita 1, huokoa mpaka pakiti ipatikane. Zinki huongezwa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa wa chini ya miezi 6 na 20 kwa wakubwa, nayo hupunguza urefu wa kuharisha huku na kurudi kwake katika miezi ya mbele. Kunyonya na kula havisimamishwi. Kumwosha tumbo mtoto anayeharisha kwa bomba la mpira lenye maji ya majani au pilipili, jambo ambalo bado linafanyika, humwongezea upotevu wa maji na huweza kuunguza utumbo. Ni miongoni mwa desturi chache ambazo zinastahili kukatazwa bila kuzunguka. Macho yaliyobonyea na ngozi ya tumbo inayofinywa ikachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi ni alama za ukaukaji mkali, na huyo sasa ndiye wa serumu. Choo kikiwa kama maji ya mchele, kwa mtoto au kwa mtu mzima jirani yake, kituo kijulishwe mara moja, kwa sababu kipindupindu huteremka na mto: mlipuko wa mwaka 2011 ulianzia Kisangani ukafuata maji na boti hadi Kinshasa.

Nyuma ya maradhi haya yote husimama utapiamlo, ambao huufanya kila ugonjwa kuwa mkali zaidi. Lituma ya ndizi na kwanga ya muhogo hushibisha tumbo bila kumpa mtoto protini ya kutosha, na tatizo si uhaba wa vyakula bora katika Tshopo, yenye samaki, mbinzo, karanga na sombe, bali ni zamu ya mtoto kwenye sahani na kwamba samaki mkubwa huuzwa. Utepe wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 husoma hatari ndani ya sekunde chache: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Miguu yote miwili inayobaki na shimo baada ya kubonyezwa kwa kidole gumba ni bwaki, hata kama mashavu ya mtoto yamejaa na utepe hauonyeshi kitu.

Vipele vyenye homa huhitaji kutofautishwa. Surua huanza kwa macho mekundu, mafua na kikohozi, kisha vipele bapa vinavyoshuka kutoka usoni. Mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao wakiwa watoto, na anayeugua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo ili kumlinda na upofu. Mpox ni ya humuhumu nchini: mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu kutambuliwa duniani, mwaka 1970, alikuwa mtoto wa miezi 9 wa eneo la Basankusu, katika Ekwateri. Malengelenge yake huwa magumu, ya umri mmoja, hufika viganjani na nyayoni, na tezi za shingo au za kinena huvimba, tofauti na tetekuwanga ambayo malengelenge yake hutoka kwa mafungu mafungu na tezi zake huwa hazivimbi hivyo.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ana sheria yake, na ni kali. Aliyekuwa akinyonya vizuri akaacha, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au lililo chini ya 35.5, anayehema mara 60 au zaidi, anayejongea tu anapoguswa, aliyepata njano ndani ya saa 24 za kwanza au njano iliyofika viganjani na nyayoni, au ambaye ngozi ya kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu, hatibiwi nyumbani kwa lolote, kwa kuwa maambukizi ya umri huo huenea mwilini ndani ya saa chache na mara nyingi bila homa. Hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa kimefunikwa, na hunyonyeshwa njiani au kukamuliwa maziwa kwa kikombe.

Wazazi wa Barumbu na wa vijiji jirani wanaombwa waamue kabla ya msimu wa mvua nani ana mtumbwi, nani atabaki na watoto wengine na nani atatoa damu, na siku ya safari wachukue kadi ya chanjo pamoja na pakiti tupu za dawa zote ambazo mtoto amekwisha kupewa, zile za sokoni zikiwamo, na saa alizopewa ziandikwe juu yake.